Mabadiliko ya Rangi ya Shahawa: Damu, Kichocho na Wakati wa Kumwona Daktari (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwamba shahawa ni mchanganyiko wa majimaji yatokayo katika viungo kadhaa: mbegu za kiume, ambazo hutengenezwa katika korodani, huwa ni asilimia 2 hadi 5 tu, ilhali kiasi cha theluthi mbili hutoka katika vifuko viwili vya shahawa vilivyo nyuma ya kibofu cha mkojo, na sehemu kubwa ya kinachobaki hutoka katika tezi dume, yaani tezi iliyouzunguka mrija wa mkojo chini kidogo ya kibofu. Kwa kuwa mkojo na shahawa hupita katika mrija huo mmoja, hitilafu ya kiungo chochote kati ya hivyo inaweza kubadilisha rangi, lakini rangi yenyewe haitoshi kuonyesha ni kiungo kipi kilichodhurika.

Rangi ya kawaida ni nyeupe inayoelekea kijivu, na umanjano hafifu kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kutoa shahawa, au kwa mtu mzima wa makamo, si jambo la kutia hofu. Umanjano uliokolea, au rangi inayoelekea kijani, hasa ukiambatana na harufu mbaya, maumivu wakati wa kukojoa au usaha kutoka uumeni, huashiria maambukizi ya bakteria, yakiwamo kisonono na klamidia, nayo hutibika kwa dawa zinazotolewa baada ya vipimo. Mgonjwa anayetumia rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huelezwa na wauguzi tangu mwanzo kwamba mkojo, jasho na machozi yake yatageuka kuwa na rangi ya machungwa, na hiyo, hata ikionekana katika shahawa, ni rangi ya dawa wala si damu.

Damu ndiyo inayostahili maelezo marefu. Shahawa zenye rangi ya waridi au nyekundu huwa na damu mpya, na zile za kahawia huwa na damu iliyokaa ndani kwa siku au wiki kadhaa, jambo linaloeleza kwa nini rangi hiyo ya kahawia huendelea kuonekana hata baada ya kidonda kupona. Kwa mwanamume wa umri wa chini ya miaka 40 ambaye jambo hili limemtokea mara moja bila dalili nyingine, mara nyingi chanzo huwa ni uvimbe mdogo unaotokana na maambukizi, au hakijulikani kabisa, na hali hukoma yenyewe. Aliyenyofolewa kipande cha tezi dume kwa ajili ya uchunguzi anaweza kuona damu kwa wiki kadhaa, nayo ni matokeo yanayotarajiwa. Shinikizo la damu lililopanda sana na dawa za kuzuia damu kuganda nazo zimo katika orodha ya visababishi.

Hata hivyo, maelezo hayo yanayopatikana katika vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hayamtoshi msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa yanakiweka pembeni chanzo ambacho huku kinapaswa kufikiriwa mapema: kichocho cha mkojo. Minyoo yake huishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na viungo vya nyonga, na mayai yake hukwama si katika ukuta wa kibofu tu, bali pia katika vifuko vya shahawa na tezi dume, ambako husababisha vidonda vinavyotoa damu. Mayai yanayofika katika maji baridi kwa njia ya mkojo huanguliwa, vijidudu vyake hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Maji ya bahari hayana ugonjwa huu; walio hatarini ni wakulima wa mabonde ya mpunga na watumiaji wa vijito vya Unguja na Pemba, watu wa Kwale na wa Shinyanga wanaotegemea malambo na mabwawa, na wengine wa mazingira kama hayo. Kando ya Ziwa Victoria kichocho kilichoenea zaidi ni kile cha tumbo. Tena, kwa kuwa minyoo huweza kuishi mwilini kwa miaka mingi, mtu aliyeogelea bwawani utotoni anaweza kuona damu akiwa tayari ni mkazi wa mjini asiye na habari na konokono.

Kipimo chake si kigumu. Mkojo unaofaa zaidi ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi; mtaalamu wa maabara huuchuja, na chini ya darubini hutafuta yai la umbo la duaradufu lenye mwiba mfupi nchani, tofauti na lile la kichocho cha tumbo ambalo mwiba wake uko ubavuni. Imewahi kutokea mayai yakakosekana katika mkojo yakapatikana katika shahawa, hivyo jibu moja lisiloonyesha kitu halifungi mjadala. Tiba ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, nayo huua minyoo lakini haiyaondoi mara moja mayai yaliyokwama, ndiyo maana damu inaweza kuendelea kwa muda.

Asiyepaswa kungoja hali ikome yenyewe ni mwanamume aliyefikisha miaka 40, ambaye daktari atataka kumchunguza tezi dume, pamoja na yeyote ambaye damu imemrudia, au anayeona damu katika mkojo pia, au mwenye uvimbe katika korodani, au anayepungua uzito. Homa yenye kutetemeka, kushindwa kukojoa, au maumivu makali ya ghafla ya korodani humpeleka mtu hospitali siku hiyohiyo.

Desturi ya kuhusisha kila badiliko la rangi na zinaa imewafanya wengi kutibiwa kwa kukisia katika maduka ya dawa, huku kichocho kikiachwa kuharibu kibofu, na kichocho sugu huweza kuzaa saratani ya kibofu. Mwanamume aliyewahi kuishi au kuoga katika maeneo yenye kichocho amweleze daktari habari hiyo bila kusubiri kuulizwa, na aombe mkojo wake upimwe kichocho kabla ya kukubali sindano nyingine ya kisonono.