Usimtupie Mbwa Pupu Bichi

Ndugu msomaji, sikukuu zinapowadia nyumba nyingi za hapa Mwanza huchinja zenyewe. Mbuzi hununuliwa mnadani, hufungwa chini ya mwembe kwa siku mbili tatu, na siku yenyewe ikifika kisu hunolewa. Nyama hugawanywa, maini hukaangwa mapema kwa ajili ya waliochuna, utumbo huoshwa na akina mama. Mapupu hayana mwenyewe. Mtu mmoja huyaokota na kumtupia Simba, mbwa wa nyumbani, ambaye tangu alfajiri ameketi kando akimeza mate. Watu hucheka, na Simba huondoka mbio na zawadi yake.

Katika kicheko hicho ndimo hatari ilimojificha.

Makala haya hayakusudii kumnyima mbwa haki yake. Mbwa anayelinda nyumba usiku kucha, iwe Igoma, iwe Nyakato, iwe juu ya mawe ya Mabatini, anastahili kula vizuri. Na nyama za ndani, yaani moyo, figo, bandama, maini na mapupu, ni chakula bora kwake. Swali ni moja tu: apewe kwa namna gani?

TEGU ASIYEONEKANA

Yatazame vizuri mapupu na maini ya mnyama aliyechinjwa. Mara nyingine utaona vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vingine vidogo kama punje ya harage, vingine vikubwa kama chungwa. Ndani ya vifuko hivyo huweza kuwamo vichanga vya tegu wa mbwa. Mbwa akila kifuko kibichi, vichanga hivyo hujishikiza katika utumbo wake, na baada ya wiki sita au saba hukomaa na kuanza kutoa mayai yanayotoka pamoja na mavi. Tegu hawa wana urefu wa milimita chache tu. Hata wakiwa maelfu, mbwa huendelea kula na kubweka kama kawaida, na mwenye mbwa hashuku lolote.

Mayai hayo huanguka majanini na uani, tena hunasa katika manyoya. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huyameza wakati wa malisho, na vifuko huota upya ndani yao. Mtoto naye humkumbatia mbwa, kisha hutia vidole kinywani. Yai likiingia katika mwili wa binadamu halikui kuwa tegu. Hugeuka kifuko cha maji, mara nyingi katika ini au pafu. Kifuko hukua polepole kwa miaka mingi. Mtoto aliyeambukizwa leo aweza kuanza kuumwa akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kikipasuka chaweza kumwua. Tiba ipo, ya dawa au ya upasuaji, lakini ni ya muda mrefu na ya gharama.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Huko Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, ugonjwa huu ulikuwa umeenea kwa kiasi kisicho na mfano katika sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kampeni ya kuudhibiti: wagonjwa walitibiwa, mbwa walipewa dawa, na wananchi walielimishwa.

Iceland, nchi ya wafugaji wa kondoo, nayo iliteswa sana. Mwaka 1864 kijitabu cha mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, kiligawiwa bure kwa wananchi kuwaonya wasiwape mbwa nyama za ndani zenye vifuko. Watu walisoma, wakafuata, na baada ya miongo kadhaa ugonjwa ukatokomea. Kumbe silaha ya kwanza haikuwa hospitali, bali desturi ya nyumbani iliyobadilishwa.

MAMBO YA KUFUATA

Kwanza, kagua. Kiungo chenye vifuko usikitumbue wala usimpe mbwa. Kichome moto, au kizike katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Bucha nako, nunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi.

Pili, pika. Kata vipande vidogo, uchemshe kwa dakika 40 tangu maji yanapoanza kutokota. Kubabua juu ya makaa hakutoshi, kwani ndani hubaki mbichi.

Tatu, pima. Maini yana vitamini A nyingi, ambayo hulimbikizana mwilini na ikizidi huidhuru mifupa ya mbwa. Yasipite sehemu moja katika kumi ya chakula chake. Mapupu na moyo vyaweza kuzidi hapo. Changanya na ugali na dagaa wa Mwaloni waliooshwa mchanga. Usitie vitunguu, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa, wala usimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Nne, mwone bwana mifugo akupe dawa ya tegu. Mahali penye ugonjwa huu mbwa hupewa prazikwanteli kila baada ya wiki sita, kabla tegu wapya hawajaanza kutaga.

Tano, nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa, na wafundishe watoto kufanya hivyo kabla ya kula. Mboga za bustani inayopitiwa na mbwa zioshwe vizuri.

Ndugu msomaji, hakuna katika haya linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni sufuria moja ya mbwa, kuni kidogo na uangalifu. Sikukuu ijayo, mapupu yatakapobaki bila mwenyewe, yakague kwanza. Yakiwa salama yatie sufurianidakika 40 kamili. Simba atangoja. Amekwisha kungoja tangu alfajiri.