Grigri si hirizi: kwa nini breki ya kamba bado inahitaji mkono wako

Mwaka jana kule Lukenya, kilima cha miamba kando ya barabara ya Mombasa, nilikuwa nimeshika kamba ya rafiki yangu akapaza sauti, "Kamba!" Nilitaka kumpa haraka. Nikakandamiza kifaa kwa kidole gumba, na mkono wangu wa breki ukaachia kamba. Hapo hapo mguu wake ukateleza. Nilipotoa kidole kifaa kilikwama, naye akabaki ananing'inia kama mita moja juu ya jiwe. Hakuumia. Tulikunywa chai kimya kimya.

Kifaa hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na fizikia yake ni rahisi kuielewa.

Tuanze na msuguano. Umewahi kuona baharia akizuia chombo kizima kwa kuzungusha kamba kwenye nguzo? Kila mzunguko huzidisha nguvu ya mkono, hauijumlishi tu. Tukichukua kigezo cha msuguano cha 0.3, mzunguko mmoja kamili hufanya kilo 1 ya mkono izuie karibu kilo 6.6. Mizunguko mitatu? Zaidi ya kilo 280. Lakini angalia: ni kuzidisha. Mkono ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kifaa cha kawaida cha kushikia kamba, kile cha mrija, kinafanya kazi hivyo hivyo, kwa kukunja kamba kwenye karabina.

Grigri, iliyotolewa na kampuni ya Petzl ya Ufaransa mwaka 1991, inaongeza kitu kingine. Ndani yake kuna kemu, yaani kipande kinachozunguka ambacho kamba hupita juu yake, na springi inayokirudisha nyuma. Inafanana na mkanda wa gari: ukiuvuta taratibu unakuja, ukiuvuta ghafla unakwama. Mpandaji akianguka, kamba huiburuta kemu, kemu inazunguka na kuibana kamba.

Sasa hapa ndipo wengi tunakosea. Kinachoiburuta kemu ni msuguano ule ule wa nguzo. Kama upande wa pili wa kamba hauna anayeushika, hasa kamba ikiwa nyembamba, mpya au imelowa, inaweza kupita bila kuizungusha kemu vya kutosha. Ukishika tu, hata kidogo, kemu inageuka. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi, EN 15151-1 cha 2012, kinazungumzia breki inayosaidiwa na mkono, si breki ya kujiendesha. Kwa bahati mbaya jina lenyewe, grigri, ni la hirizi ya Afrika Magharibi, na kuna watu wanaitumia kama hirizi kweli.

Namna ya kutoa kamba haraka bila kurudia kosa langu: vidole vitatu vya mkono wa breki vibaki vimeizunguka kamba, kidole cha shahada kiegemee ukingo wa kifaa, gumba ligandamize kemu kwa sekunde tu, kisha liondoke. Usikikumbatie kifaa kizima kwa kiganja. Mtu akishtuka hukaza mkono, haachii. Hiyo ndiyo hatari ya mpini wa kushushia pia: mwenzako anashuka kwa kasi, unaogopa, unauvuta zaidi, anashuka kwa kasi zaidi. Grigri+ ya 2017 inajifunga mpini ukivutwa kupita kiasi, kwa hiyo kwa wanaoanza ningechagua hiyo kama mfuko unaruhusu.

Kabla ya kununua, soma unene wa kamba ulioandikwa kwenye kifaa. Grigri ya 2019 inakubali kamba moja ya milimita 8.5 hadi 11. Ukiwa na kamba mbili nyembamba, hiyo si yako. Kuna vifaa vingine visivyo na kemu, kama Mega Jul ya Edelrid, ambapo karabina yenyewe huvutwa na kuibana kamba. Ni vyepesi na havina kitu cha kuharibika ndani, ila umbo la karabina lina maana kubwa. Tumia ile mtengenezaji aliyoitaja, si yoyote iliyo mfukoni.

Kosa jingine ni kuweka kamba kinyume. Kwenye Grigri kumechorwa mtu mdogo anayepanda na mkono, fuata picha. Kisha, mwenzako akiwa bado chini, vuta kwa nguvu kamba ya upande wake. Isipokwama, fungua uanze upya. Na funga fundo mwisho wa kamba, kwa sababu kamba fupi ikimalizika na kutoka kwenye kifaa, hakuna kemu ya kuizuia.

Rafiki yangu bado anapanda nami. Ila siku hizi, kabla hajaweka mguu kwenye jiwe, anageuka na kuniuliza: "Mkono uko wapi?" Namwonyesha.