Siri, Faragha na Amana: Maneno ya Kumchagulia Mtunza Barua Pepe

Mojawapo ya kazi za istilahi ni kumwezesha mtu wa kawaida kuamua jambo lake mwenyewe pasipo kupotoshwa na maneno. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maneno machache ambayo kampuni za barua pepe huyatumia zinapojinadi: siri, faragha, usalama, uaminifu. Maneno hayo hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo, na anayeyachanganya huweza kumkabidhi mgeni barua za daktari wake, za wakili wake na za benki yake, huku akidhani amezifungia sandukuni.

Mchukuzi na mtunzaji

Tuanze na jina la mwenye kazi. Kwa kawaida huitwa "mtoa huduma". Jina hilo si kosa, ila halisemi huduma yenyewe ni ipi. Posta tuliyoizoea huichukua barua, ikaifikisha, na kazi yake ikaishia hapo. Barua hubaki kwa aliyeandikiwa. Barua pepe sivyo ilivyo. Nakala yake hukaa miaka na miaka katika seva, yaani kompyuta za kampuni, na mwenyewe huiendea huko kila anapotaka kuisoma. Basi kampuni ni mchukuzi na tena ni mtunzaji. Tunapendekeza iitwe "mtunza barua", ili kila alisikiaye jina hilo ajiulize: anazitunza vipi, na ufunguo anao nani? Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye ni kata. Katika jambo hili mtunza barua ndiye kata.

Siri na faragha

Siri ni habari iliyofichwa isijulikane na asiyehusika. Faragha ni hali ya mtu kuwa mbali na macho na masikio ya wengine, na anaistahili hata kama hana la kuficha. Ndiyo sababu Katiba ya Tanzania katika ibara ya 16, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 31, zinalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu bila kumtaka kwanza athibitishe kwamba ana siri.

Yawezekana siri ikatunzwa na faragha isitunzwe. Gmail ilianzishwa na Google mwaka 2004, na kwa miaka mingi mitambo yake ilipitia maneno ya barua ili kuchagua matangazo ya biashara ya kumwonyesha mwenye barua. Mwezi wa Juni 2017 kampuni ilitangaza kwamba ingeacha kufanya hivyo. Barua hizo hazikutangazwa kwa watu, kwa hiyo siri haikutoka. Lakini mwenyewe hakuwa faraghani.

Kusimba, na nani mwenye ufunguo

Kusimba ni kuyageuza maandishi yasisomeke ila kwa mwenye ufunguo. Kampuni nyingi husema kwamba barua "zimesimbwa", nazo husema kweli. Hata hivyo kuna namna mbili. Katika namna ya kwanza barua husimbwa iwapo njiani, na huenda ikasimbwa tena ghalani, lakini ufunguo ni wa kampuni. Mwizi wa njiani hawezi kuisoma, kampuni yaweza. Katika namna ya pili barua husimbwa ndani ya kompyuta ya mwandishi, na haifunguki mpaka ifike kwa msomaji.

Namna hii ya pili imezoeleka kuitwa usimbaji wa "mwisho hadi mwisho". Hatuoni kama maneno hayo yanamweleza Mswahili jambo lolote, kwani kwetu safari ina mwanzo na mwisho, haina miisho miwili. Tunapendekeza "usimbaji wa mwandishi hadi msomaji".

Uzito wa tofauti hii ulionekana Marekani. Mwaka 2013 kampuni ya Lavabit iliamriwa na mahakama kutoa ufunguo uliolinda mawasiliano ya wateja wake wote, ingawa aliyekuwa akichunguzwa ni mmoja. Mwenye kampuni, Ladar Levison, aliifunga huduma hiyo mwezi wa Agosti. Uaminifu wake haukuwa na shaka. Lakini ufunguo wa wote ukiwa mkononi mwa mmoja, yeyote mwenye nguvu juu ya huyo mmoja ana nguvu juu ya wote.

Maandishi ya juu ya bahasha

Hata barua iliyosimbwa vizuri ina bahasha: nani amemwandikia nani, saa ngapi, na kutoka anwani gani ya intaneti. Hizo tunaziita "taarifa za bahasha". Proton ya Uswisi husimba kwa namna ya pili barua za wateja wake wanaoandikiana, lakini kichwa cha habari hakisimbwi kwa namna hiyo. Tuta ya Ujerumani hukisimba nacho. Mwaka 2021 Proton ililazimishwa kwa amri halali ya Uswisi, kufuatia ombi la polisi wa Ufaransa, kurekodi anwani ya intaneti ya mwanaharakati mmoja na kuitoa. Yaliyomo katika barua hayakusomwa. Bahasha ilitosha kumfichua. Aidha, ukimwandikia mtu anayetunziwa barua na kampuni ya namna ya kwanza, nakala yake husomeka huko. Siri ya watu wawili hulindwa na wote wawili.

Amana

Neno linalobaki ni amana: mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine, isiyoguswa, na hurudishwa ikidaiwa. Kwa neno hili moja twaweza kumpima mtunza barua yeyote. Je, ufunguo anao yeye au ninao mimi? Ni nini hubaki wazi juu ya bahasha? Hulipwa na nani: na mimi, au na mwenye matangazo? Ni sheria ya nchi gani inayoweza kumwamuru? Na nikitaka kuhama, je, nitazichukua barua zangu zote?

Hapana budi tuseme pia gharama yake. Ufunguo ukiwa wako peke yako, ukiupoteza pamoja na njia ya kuurejesha uliyoiandaa mapema, hakuna wa kukufungulia barua za zamani. Anayeahidi kwamba hawezi kabisa kuzisoma barua zako, na papo hapo kwamba atakurudishia zote hata ukisahau kila kitu, ametoa ahadi mbili zisizokaa chungu kimoja.

Istilahi tulizozipendekeza si hukumu ya mwisho. Tunawaomba wasomaji wazijaribu katika maandishi yao, na wenye maneno yafaayo zaidi watuletee.