Paa la makuti: lita elfu kumi hazitoshi

Anayejenga nyumba Watamu au Malindi, pwani ya Kenya, mara nyingi huwa ameshakata shauri la makuti kabla hata msingi haujachimbwa. Yanapoza nyumba, wageni wanayapenda, na mafundi wa kuyaezeka hawako mbali. Suala la moto huja mwishoni, nalo hujibiwa haraka: tutaweka tangi la lita 10,000. Hebu tulipige hesabu tangi hilo.

Nyumba ya mita za mraba 120, paa lake likiinama nyuzi 45 ili mvua iteleze, itakula makuti ya mita za mraba 170 hivi. Tuseme juu yake kuna vinyunyizio vinavyomwaga lita 5 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Hizo ni lita 850 kila dakika. Tangi, ambalo bei yake hukaribia shilingi laki moja, litakauka kabla ya dakika ya 12. Tena pampu ndogo ya nyumbani ikitoa lita 50 kwa dakika, zitahitajika 17, zote zikitegemea umeme ambao moto ukizuka ndio wa kwanza kukatwa. Na makuti yamepangwa makusudi yasipitishe maji: utamwagia juu, huku moto ukipanda kwa ndani kwenye fito.

Zimamoto wakitoka Malindi mjini kwenda Watamu wana zaidi ya kilomita 20. Hata kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, barabara ikiwa tupu, ni dakika 20 na ushei. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, makuti huwa makavu na upepo hubeba cheche hadi kwa jirani. Ndio msimu nyumba zinapojaa watu.

Dawa ya kupulizia makuti ipo, hasa ya chumvi za boroni, nayo husaidia. Lakini chumvi hizo huyeyuka majini, na pwani hii hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, yaani lita 1,000 kwa kila mita ya mraba ya kiwanja. Asiye tayari kurudia kupuliza asiihesabu kama kinga.

Kwa hiyo mimi pesa ningezipeleka kwenye zege. Paa lisiloungua si jambo jipya hapa: wajenzi wa mji wa kale wa Gede waliezeka nyumba zao za mawe kwa boriti za mikoko, wakashindilia matumbawe na chokaa juu yake. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ni fupi, ila paa la namna hiyo cheche ya jirani hailiwashi. Leo slabu ya sentimita 15 juu ya nyumba nzima ya mita za mraba 120 ni mita za ujazo 18, takriban tani 43, na msingi lazima uhimili uzito huo. Si kila mfuko utaweza.

Jiko peke yake linawezekana. Mita za mraba 12 zinataka zege la mita za ujazo 1.8, yaani mifuko 12 hivi ya saruji. Tukiuhesabu mfuko kwa shilingi 750, ni 9,000. Zidisha mara sita kwa ajili ya nondo, kokoto, mbao na ujira: 54,000, karibu nusu ya bei ya tangi. Kuta zifike hadi kwenye slabu, pasibaki mwanya wa moto kupenya kwenda kwenye makuti. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukae nje, mahali penye hewa. Ndani ya jiko la ukubwa huo, gesi isiyofika hata kilo mbili ikivuja na kuchanganyika na hewa inatosha kulipua chumba kizima.

Mtungi wa poda wa kilo 6 ununuliwe pia, kwa kawaida haufiki shilingi 10,000. Lakini huisha kwa sekunde 20 hivi. Ni wa moto mdogo ambao ndio kwanza unaanza. Paa likishawaka, uache ukimbie. Cha thamani zaidi ni king'ora cha moshi katika kila chumba cha kulala, maana aliyelala huchelewa kuusikia moto ulio juu yake.

Halafu kuna grili. Nyumba nyingi mpya huwekewa vyuma vya dirishani vilivyochomelewa moja kwa moja, kwa kuogopa wezi, na mlango mmoja wenye kufuli. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke bawaba kwenye dirisha moja la kila chumba cha kulala, na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Liagizwe kabla vyuma havijapakwa rangi, na mtoto wa nyumba ajaribu kulifungua gizani.