Ushelisheli na Komoro: Pengo la Mara Kumi Limepimwaje?

Komoro ilijitangazia uhuru kutoka Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Ushelisheli ikaupata wake kutoka Uingereza chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Juni 1976. Leo Ushelisheli, yenye watu laki moja hivi, huzalisha bidhaa na huduma za zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Komoro ina watu zaidi ya laki nane, lakini pato lake ni kama bilioni moja na nusu tu. Ukigawa kwa vichwa, fungu la Mshelisheli ni takriban mara kumi ya fungu la Mkomoro.

Pengo hilo lipo kweli. Ila kabla ya kulinukuu, yafaa kujua limepimwaje.

Kwanza kuna bei. Somalia ilipofungia miraa ya Kenya mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, miti ya Laare, huko Igembe katika kaunti ya Meru, haikuacha kuchipua. Vibunda viliendelea kufungwa kwa majani ya mgomba. Kilichoporomoka ni bei. Anayetazama shilingi peke yake atasoma habari moja, anayehesabu vibunda atasoma nyingine. Ndiyo maana wachumi wanaolinganisha miaka hupiga hesabu kwa bei za mwaka mmoja wa msingi. Kenya yenyewe ilibadilisha mwaka huo wa msingi 2014, na pato la taifa likapanda kwa asilimia 25 kwenye makaratasi. Faranga ya Komoro nayo imefungwa kwa yuro: yuro ikishuka mbele ya dola, Komoro huonekana imesinyaa hata kama mavuno ya langilangi ni yale yale.

Pili, na hili ndilo husahaulika zaidi, pato la taifa huhesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka bila kuuliza faida imeishia kwa nani. Thamani inayozalishwa na hoteli ya kampuni ya kigeni kisiwani Mahé huingizwa yote katika pato la Ushelisheli, hata faida yake ikipelekwa ng'ambo. Komoro ni kinyume. Wakomoro walioko Marseille na miji mingine ya Ufaransa hutuma nyumbani fedha nyingi mno, lakini fedha hizo si uzalishaji. Huonekana katika hesabu pale tu zinapomlipa fundi au muuza duka. Kwa hiyo takwimu humpendezesha mmoja na kumpunja mwingine. Hata ukirekebisha hayo, Ushelisheli inabaki mbali mbele.

Sababu zinajulikana. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Mahé ulifunguliwa 1971, kabla ya uhuru, na watalii wakachukua nafasi ya mbata na mdalasini. Kisha kikaja kiwanda cha jodari mjini Victoria, ambako samaki husindikwa papo hapo. Komoro haikupata hata mwezi mmoja wa utulivu: Rais Ahmed Abdallah alipinduliwa tarehe 3 Agosti 1975, na mapinduzi mengine yakafuatana kwa miaka mingi. Kisiwa cha Mayotte, katika funguvisiwa hilohilo, kikabaki mikononi mwa Ufaransa. Vanila, karafuu na langilangi bado huuzwa kwa bei inayopangwa kwingine.

Lakini utajiri wa Ushelisheli si imara, na una mlango mmoja mkubwa, utalii. Mwaka 2008 nchi ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Mwaka 2020, ndege zilipokoma kwa sababu ya korona, pato lake lilianguka vibaya, huku la Komoro likitikisika kidogo tu.

Igembe inaufahamu mlango wa aina hiyo: Uingereza iliufunga 2014, Somalia ikafuata 2020. Shirika la takwimu la Kenya, KNBS, sasa hutoa pato la kila kaunti, na takwimu ya Meru husomwa kwa fahari. Wakazi wa Laare wawaulize viongozi wao swali ambalo takwimu hiyo haijibu: katika kila shilingi ya miraa inayofika Mogadishu, senti ngapi hurudi kwa mwenye shamba?