Kwa nini nauli ya kuja Nakivale haishuki

Kila Krismasi inapokaribia, familia za wakimbizi wa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, hupigiwa simu kutoka Marekani, Kanada na Australia, na mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye bei ya tiketi. Waliohamishiwa huko wanataka kuja kuwaona wazee waliobaki katika kanda za kambi hiyo: Base Camp, Juru na Rubondo. Mashirika ya ndege huwaweka katika kundi la wasafiri wa mapumziko, na hapo ndipo wanapoumia.

Tangu Marekani ilipoanza kulegeza udhibiti wa safari za anga mwaka 1978, mashirika yamezoea kugawa viti vya daraja moja katika mafungu ya bei. Fungu la chini likiisha linafunguliwa la juu yake, hivyo majirani wawili kwenye safu moja huenda wamelipa nauli tofauti kabisa. Hesabu hii huchukulia kwamba mfanyabiashara amefungwa na tarehe, ila mtu wa mapumziko anaweza kungoja wiki ya bei nafuu. Mkimbizi wa Kikongomani aliyehamishiwa Marekani na anayefanya kazi kiwandani hawezi kungoja. Likizo anapangiwa na mwajiri, watoto wana ratiba ya shule, na pesa huwekwa kidogo kidogo. Zinapotimia, viti vya bei ya chini vimekwisha.

Inauma zaidi ukikumbuka alivyoondoka. Tiketi ya kwanza ilinunuliwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji ambalo limepatana na kampuni za ndege nauli maalumu zenye nafasi zaidi ya mizigo. Anayekwenda Marekani huilipa baadaye kama mkopo usio na riba. Akirudi kusalimia hana wa kumpatania.

Upande wa Entebbe, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Uganda, nao una yake. Hakuna ndege inayotoka hapo moja kwa moja hadi Amerika Kaskazini. Lazima kubadili Addis Ababa, Brussels, Doha au kwingineko. Idadi ya safari bado hutegemea mikataba ya serikali kwa serikali, ingawa Afrika ilikubaliana kufungua anga huko Yamoussoukro mwaka 1999 na kuzindua soko moja la usafiri wa anga Januari 2018. Mafuta ya ndege husafiri nchi kavu kutoka pwani. Tozo za uwanja kwa abiria wa kimataifa hupita dola 50, na kwa familia ya watu watano hizo ni fedha za kulisha nyumba.

Uganda Airlines, iliyofungwa 2001 na kufufuliwa Agosti 2019, ilianza safari za London Gatwick Mei 2025. Ni hatua njema, lakini ndege mbili za A330 zilizonunuliwa kwa safari ndefu haziwezi kushusha bei za soko zima. Kisha kuna barabara: Entebbe hadi Mbarara, mji wa karibu na Nakivale, ni takriban kilomita 300, na kiwanja cha ndege cha mji huo, Nyakisharara, hupokea ndege ndogo za kukodi tu. Anayetua usiku hulipia chumba Kampala kabla ya kupanda basi.

Naona nafuu ya karibu iko kwenye makanisa na vyama vya Wakongomani ughaibuni. Mashirika mengi ya ndege huuza nauli ya kikundi kuanzia watu kumi, hushika viti kwa malipo ya awali na kupokea majina baadaye. Wanaokuja Desemba hupita kumi kwa mbali, lakini kila nyumba hununua peke yake.