TIKETI YA MSIMU: BADO INALIPA WAKATI TV NDIYO INAPANGA RATIBA?

Leo naomba tuweke pembeni ubishi wa nani anabeba ubingwa, tuongelee kitu ambacho wengi tunakisikia tu kwa watangazaji: tiketi ya msimu. Ni ile ambayo mshabiki wa Uingereza anailipia mara moja kabla ligi haijaanza, anapewa kiti chake, na anaingia mechi zote za nyumbani za ligi mpaka msimu unaisha. Ukiwa banda la mpira hapa kwetu unamuona mzungu yule yule nyuma ya goli lile lile kila wiki, unasema moyoni huyu jamaa anafaidi.

Swali langu ni moja tu: anafaidi kweli? Maana siku na saa ya mechi hapangi yeye, na hata klabu yake haina sauti kubwa. Mwenye sauti ni TV.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mjue wapi pa kunibishia. Tiketi ya msimu bado inalipa, ila kwa mtu anayekaa karibu na uwanja na ambaye kazi yake haimbani jioni wala wikiendi. Kwa wengine wengi hesabu inakataa. Twende taratibu.

UNANUNUA NINI HASA

Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20. Kila timu inacheza mechi 38, na nusu yake, yaani 19, ni za nyumbani. Hizo 19 ndizo unazolipia. Bei zinapishana sana. Mwaka 2014 tiketi ya msimu ya bei ya chini kabisa pale Arsenal ilikuwa pauni 1,014 na ya juu pauni 2,013, ingawa ndani yake kulikuwa na mechi 7 za makombe pia. West Ham walipohamia London Stadium mwaka 2016 walikuwa na tiketi ya mtu mzima ya pauni 289. Ukigawa kwa 19 unapata pauni 15 na senti kidogo kwa mechi. Kwa London hiyo ni bei ya kutupa.

Klabu inaipenda tiketi hii kwa sababu hela inaingia kabla mpira haujapigwa, timu ikifungwa au ikishinda. Mshabiki anaipenda kwa sababu kila mechi inamtokea rahisi kuliko akinunua moja moja, kiti ni chake, majirani zake anawajua kwa majina, na mechi kubwa zikifika hahangaiki. Kwenye klabu kubwa watu wanasubiri foleni kwa miaka na miaka. Wengine wamerithi kiti kwa baba.

Mpango huu ulikuwa na maana kwa sababu zamani siku ya mechi ilijulikana: Jumamosi, saa 9 alasiri kwa saa zao. Kwetu hiyo ni saa 11 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 12 jioni wakati wa baridi. Ratiba ikitoka mwezi wa sita, mtu alikuwa anaweza kupanga likizo, zamu za kazini na hata harusi ya mdogo wake akijua Jumamosi ipi atakuwa uwanjani.

TV ILIVYOINGIA

Ligi Kuu kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 1992. Mkataba wa kwanza wa TV, wa Sky na BBC, ulikuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Jumapili ya Agosti 16, 1992 Sky walionyesha Nottingham Forest na Liverpool, na kesho yake Jumatatu usiku Manchester City na QPR. Agosti 2016 ukaanza mpira wa Ijumaa usiku, Manchester United wakiwakaribisha Southampton. Mkataba ulioanza msimu wa 2025/26 unaendelea mpaka 2029. Thamani yake ni pauni bilioni 6.7 kwa miaka 4, na ndani yake kuna mechi zisizopungua 267 zinazoonyeshwa laivu kila msimu, kati ya 380. Yaani katika kila mechi 10, mechi 7 ziko kwenye TV.

Sasa hapa kuna jambo ambalo washikaji wengi hawalijui. Uingereza kuna katazo la miaka mingi: Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana mpaka saa 11:15 jioni kwa saa zao, hairuhusiwi kuonyesha mpira laivu kwenye TV. Lengo ni kuzilinda timu ndogo za madaraja ya chini, watu waende viwanjani badala ya kukaa kwenye kochi.

Matokeo yake ni kwamba mechi ya wikiendi ikitakiwa kuonyeshwa, ni lazima itolewe kwenye saa 9 ya Jumamosi. Ipelekwe mapema mchana, au jioni, au Jumapili, au Ijumaa, au Jumatatu usiku. Kadiri TV inavyonunua mechi nyingi, ndivyo saa 9 inavyobaki tupu. Katazo lililowekwa kumlinda mtu wa uwanjani ndilo sasa linalomsukumasukuma.

Na kichekesho ni hiki: zile chache zinazobaki saa 9 Jumamosi, kijana wa Manzese anaziona laivu kwa king'amuzi, lakini mtu wa Manchester aliyekosa tiketi hazioni!

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa kubuni. Tiketi ya msimu ni pauni 760. Gawanya kwa 19, kila mechi ni pauni 40. Tiketi ya mechi moja moja tuseme ni pauni 55. Ukienda zote 19 umeokoa pauni 285. Safi sana.

Sasa ukienda mechi 14 tu, ungenunua moja moja ungelipa pauni 770. Umeokoa pauni 10, hela ya chipsi na samaki. Ukienda 13, ungelipa 715, kwa hiyo umepoteza 45. Ukienda 11, ungelipa 605, umepoteza 155. Maana yake una ruhusa ya kukosa mechi 5 tu. Ya sita ikikupita, bora ungekuwa unanunua moja moja.

Kumbuka mechi 7 katika kila 10 ziko kwenye TV. Kwa wastani hiyo ni kama mechi 13 kati ya zako 19, na timu kubwa ni zaidi. Zote hazitakushinda, maana nyingine zinabaki Jumamosi hiyo hiyo. Lakini kukosa 6 kati ya hizo ni kitu rahisi kabisa kwa mtu mwenye kazi na familia. Angalieni zinavyoliwa:

1. Taarifa ya muda mfupi. Ratiba inatoka mwezi wa sita, ila siku na saa kamili vinajulikana kama wiki 5 au 6 hivi kabla ya mechi. Ukikata treni mapema kwa bei nafuu, mechi inahamishwa. Ukisubiri, nauli inapanda. Ndugu zetu wabeba maboksi huko ughaibuni wanaelewa: ukishapangiwa zamu ya Jumapili, bosi hataki kusikia habari za Sky.

2. Treni ya mwisho. Mechi ya Jumatatu inaanza saa 2 usiku kwa saa zao na kuisha karibu saa 4. Mshabiki wa United anayekaa London, refa akipuliza kipenga cha mwisho pale Old Trafford treni yake ya mwisho mara nyingi ilishaondoka. Alale hotelini, au atoke dakika ya 70. Na asubuhi kuna kazi.

3. Sikukuu. Desemba 24, 2023 Wolves walicheza na Chelsea, mkesha wa Krismasi. Mechi ya Ligi Kuu siku hiyo haikuwa imechezwa tangu 1995. Mashabiki walilalamika sana, ikachezwa hivyo hivyo, Wolves wakashinda 2-1.

4. Masharti mapya. Zamani ukikosa mechi ulikuwa unampa kadi mdogo wako anaenda. Siku hizi klabu kadhaa kubwa zinahesabu umekuja mara ngapi, na usipofikisha idadi wanaweza kukunyima tiketi msimu unaofuata. Unaweza kurudisha kiti kiuzwe kupitia klabu, lakini mechi iliyokushinda wewe kwa sababu ni Jumatatu usiku, tena na timu ya mkiani, nani mwingine ataitaka?

Tusiionee TV peke yake. Timu inayocheza Ulaya Alhamisi inasogezwa Jumapili ili ipumzike, na polisi nao wana lao kwenye mechi za watani. Hata hivyo, wingi wa uhamisho chanzo chake ni kamera.

KWA NINI KLABU HAZISTUKI

Jibu ni mshiko. Chukua klabu yenye watu 20,000 wa tiketi ya msimu, kila mmoja analipa pauni 600. Hiyo ni pauni milioni 12. Msimu wa 2023/24 Sheffield United walioshika mkia walipata zaidi ya pauni milioni 100 kutoka mgao wa ligi, na sehemu kubwa ya mgao huo ni hela ya TV. Sasa ungekuwa wewe mwenyekiti, ungemsikiliza nani?

Ila mashabiki hawana nguvu? Wanayo, wakishikamana. Februari 6, 2016 mashabiki wa Liverpool walikasirishwa na mpango wa tiketi ya pauni 77. Dakika ya 77 wakainuka maelfu kwa maelfu wakatoka nje. Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, mechi ikaisha 2-2! Siku chache baadaye wamiliki wakaufuta mpango huo.

Ujerumani walienda mbali zaidi. Mechi za Jumatatu usiku zilipoletwa kwenye Bundesliga msimu wa 2017/18, mashabiki waligoma. Februari 26, 2018 Dortmund walicheza na Augsburg, wakaingia watu wapatao 54,000 kwenye uwanja unaobeba zaidi ya 81,000, na Dortmund ina watu kama 55,000 wenye tiketi ya msimu. Yaani wengi walikuwa wameshalipa, wakaamua kubaki nyumbani. Kuanzia msimu wa 2021/22 mechi za Jumatatu zikafutwa.

Funzo hapo ni kubwa. TV hainunui mpira mtupu, inanunua na kelele. Viti vikiwa wazi, bidhaa yao imechacha. Mwenye tiketi ya msimu ni sehemu ya kipindi, tofauti na waigizaji wengine ni kwamba huyu analipa ili aigize.

SISI TUNAINGIAJE HAPA

Tunaingia sana. Mechi ya mapema ya Jumamosi, saa 6:30 mchana kwao, kwetu ni saa 8:30 au 9:30, na kule Asia ni jioni na usiku, muda mzuri wa watu kukaa mbele ya TV. Hela ya king'amuzi unayolipa wewe, na ile ya kiingilio cha kibanda umiza, zinachangia kikapu hicho hicho kinachomfanya mzee wa Newcastle aamke alfajiri na mapema kuifuata timu yake. Sisemi tuache kuangalia. Nasema tujue raha yetu nani anailipia.

Na hapa nyumbani mambo yameshaanza. Mwaka 2021 TFF na Azam walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Klabu zimepata hela, mechi za mikoani tunaziona, hilo nalisifu. Lakini mechi nazo zinagawanywa siku na saa mbalimbali ili kamera zizifikie. Na saa ikibadilishwa ovyo tunajua machungu yake, hata pale ambapo sababu siyo TV: Mei 8, 2021 mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa siku hiyo hiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa saa ya zamani, Simba kwa saa mpya, mpira haukuchezwa mpaka Julai 3. Waliopanda basi kutoka mikoani waliangalia nyasi.

Kwa hiyo siku klabu yako ikikuletea tiketi ya msimu, usikimbilie kulipa kwa mapenzi ya jezi. Uliza kwanza: Taarifa ya kubadilisha siku itatolewa muda gani kabla? Mechi ikihamishwa nikashindwa kuja, narudishiwa au naruhusiwa kumpa mwenzangu? Ikipelekwa uwanja mwingine inakuwaje? Kisha kaa chini uhesabu mechi utakazofika kweli, siyo unazotamani kufika. Zidisha kwa kiingilio cha kawaida. Ikizidi bei ya tiketi ya msimu, nunua. Isipozidi, kata moja moja, na chenji inayobaki mnunulie bi mkubwa mchele.

Wale mlioko ughaibuni wenye tiketi hizi, tupeni data hapo chini: msimu uliopita mliingia mechi ngapi kati ya 19?

Naomba kuwasilisha.